Sauti Namba Saba

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako imegeuka pambo la mezani. Tangu mwezi wa tisa napiga, inaita mpaka inachoka. Ujumbe unanijibu kwa neno moja: "Salama." Wewe, ambaye ukinunua nyanya mbili unaondoka na historia ya ukoo wa muuzaji, leo neno moja!

Ijumaa nilipita stesheni nikiwa safarini kikazi. Sijamaliza hata ngazi, nikakusikia: "Abiria wa treni ya saa nne na dakika kumi, tafadhali sogeeni jukwaa la pili." Nikaacha foleni, nikapanda ghorofani mpaka chumba chako cha matangazo. Mlango umefungwa kwa kufuli. Karani wa tiketi akanitazama viatu, akasema, "Hayupo."

"Hayupo vipi, na mimi namsikia?"

Na kweli, dakika ileile ulikuwa juu ya vichwa vyetu ukiwaonya watu wasivuke reli, treni ya mizigo inapita. Karani akasema tena, "Hayupo, dada," akainamia droo yake.

Basi nimeelewa. Uliniona kwa dirisha, ukamtuma aseme hupo. Kama ni kwa sababu sikuja ulipofanyiwa ile operesheni, nisamehe. Baba aliniambia ni kijivimbe kidogo cha shingoni, ulilazwa siku mbili ukarudi nyumbani unapika. Kama kuna jingine, nigombeze. Nigombeze kwa simu, nikusikie.

Habari yangu ni moja tu, na ni nzuri. Hapa Ofisi ya Mawasiliano nimewekwa kwenye timu ya watu wanne tunaoandika kanuni za sauti za kuigiza. Ni zile mashine zinazomsikiliza mtu kidogo, kisha zinasema chochote kwa sauti yake. Kuna wazazi wanapigiwa simu na "mtoto" anayelia kwamba yuko kituo cha polisi, kumbe mtoto yuko darasani na anayelia ni kompyuta. Tumepewa miezi sita. Mimi ndiye mwanasheria mdogo kuliko wote, na ndiye ninayeandika.

Mwanao,
Chiriku

12 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka.

Sikujificha. Siku hiyo sikuwepo chumbani, karani hakukudanganya. Simu yangu ina kasoro: nasikia, lakini sisikiki. Nitaitengeneza. Stesheni mambo ni yaleyale, treni zinachelewa na abiria wananilaumu mimi kana kwamba ndiye ninayeziendesha.

Baba yako usimsumbue kwa maswali. Shinikizo lake la damu unalijua.

Nieleze zaidi hizo kanuni, tena kwa lugha ya watu, si ya ofisi. Mtu akishaigwa sauti, ile sauti inakuwa ya nani?

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mezani kwangu.

Tuliziandikia kampuni zote zitupe orodha ya sauti za kuigiza wanazotumia. Moja ikaleta jedwali la sauti ishirini na mbili. Hazina majina, zina namba tu. Kwenye mstari wa saba imeandikwa: "Mwanamke, mtu mzima, matamshi safi. Inatumika: stesheni za treni, kumi na nne." Na mfano wa kusikiliza. Nikavaa vipokea sauti, nikabonyeza.

Ulikuwa wewe, Shangazi. Unatangaza stesheni ambazo hujawahi kukanyaga.

Nikampigia mkuu wa stesheni yako. Akaniambia bila hata kushtuka, "Yule mama ameacha kazi tangu mwezi wa tisa. Sasa tunaandika tu, mashine inasema. Hakuna aliyegundua tofauti."

Nikaenda kwa Baba. Alikoroga chai isiyo na sukari kwa dakika nzima. Mwisho akasema, "Aliniapisha." Kisha akaniambia yote: kwamba hakikuwa kijivimbe, ilikuwa saratani, na daktari alilazimika kuondoa zoloto lote, kile kisanduku cha sauti cha kooni. Kwamba unapumua kwa tundu la shingoni. Kwamba tangu mwezi wa tisa hujatamka neno hata moja.

Nimelia ofisini mbele za watu. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa nanuna kwamba hupokei simu.

Lakini sikuishia kulia. Nimeandika kifungu cha tisa kwa mkono wangu: *Sauti yoyote ya kuigiza iliyotengenezwa bila idhini ya wazi ya mwenyewe itafutwa kabisa ndani ya siku tisini.* Wenzangu wamekipitisha bila kupinga. Hao watu walikurekodi, wakakuweka kwenye jedwali kama spea ya gari, na ulipougua wakaendelea kukutumia kana kwamba hakuna kilichotokea. Ifikapo mwisho wa mwaka, Sauti Namba Saba haitakuwepo tena duniani. Nakuahidi.

Mwanao anayekupenda,
Chiriku

9 Machi

Chiriku,

Futa wewe hicho kifungu chako kabla hakijanifuta mimi!

Sasa kaa, usome taratibu, maana nimechoka kuficha.

Ni kweli nilimwapisha baba yako. Sikutaka uache kazi uje kukaa kitandani kwangu unanitazama. Na nilikuwa na aibu. Mtu aliyeishi kwa sauti miaka ishirini na tisa, akipiga chafya sasa inatokea shingoni. Wewe ungesema nini hapo?

Nikueleze maisha yalivyo. Naenda dukani na daftari. Muuzaji akisoma nilichoandika, ananijibu kwa kupiga kelele, kana kwamba nimekuwa kiziwi. Wengine wananijibu kwa kuandika! Mwanamume mmoja wa duka la dawa aliniandikia ukurasa mzima, na mimi masikio yangu yanasikia mpaka mende akitembea kabatini. Nacheka, lakini kucheka kwangu ni upepo tu, hakuna anayejua kama nacheka au nakosa hewa. Juzi mama mmoja aliniletea maji.

Lile jambo la kurekodiwa nalikumbuka vizuri. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mkuu wa stesheni alisema kuna watu wa kampuni watachukua matangazo yangu, ili nikiwa likizo yapigwe. Wakaniweka siku nane kwenye chumba kilichobandikwa sponji kuta zote. Nilisoma sentensi elfu nne. Nilijiuliza, mbona nasoma habari za kunguru na mawingu, treni zinaingiaje hapo? Lakini nilisaini. Karatasi ilikuwa na kurasa kumi na moja, na mimi niliambiwa tu nisaini wa mwisho.

Sasa sikiliza kitu ambacho hata baba yako hajui. Kila Jumanne naenda stesheni. Nanunua gazeti, nakaa benchi la jukwaa la kwanza, najisikiliza. Nyumbani sina hata dakika moja ya sauti yangu. Nani alikuwa anirekodi? Kuna video ya harusi ya baba yako, mimi naongea nyuma ya muziki, huelewi kitu. Katika dunia nzima sauti yangu imebaki mahali pamoja: ndani ya mashine ya hao watu unaotaka kuwaamuru waifute.

Mtaalamu wa matamshi hapa hospitali, binti mmoja mwenye subira, amenionyesha kifaa cha ukubwa wa kitabu. Unaandika, kinasema. Nikakijaribu. Kikaniita "mteja" kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Akaniambia, "Mama, kama tungekuwa na sauti yako ya zamani, kingesema kama wewe. Ni kazi ya siku chache tu." Nikaiandikia kampuni barua tatu. Ya kwanza hawakujibu. Ya pili hawakujibu. Ya tatu wakasema sauti hiyo ni mali yao.

Umenielewa? Sitaki ifutwe. Nataka irudi nyumbani.

Shangazi yako

17 Machi

Shangazi,

Nimekaa na barua yako siku mbili bila kujua niiweke wapi mikono yangu. Nilidhani nakulinda.

Hali ni hii. Rasimu imeshatoka mezani kwetu, iko kwa kamati, na mimi siwezi tena kugusa hata nukta. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kwanza, kuanzia sasa wewe una maslahi binafsi, hutaingia chumbani kifungu cha tisa kikijadiliwa. Pili, umekiandika vizuri mno. Wote wanakipenda." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kuna njia moja. Tarehe 22 Aprili kamati inawasikiliza wananchi. Yeyote anaruhusiwa. Kampuni nayo inakuja, na meneja wao ni mtu wa maneno matamu. Hoja yao naijua: kwamba ile si sauti ya mtu, ni bidhaa, hesabu za kompyuta tu, na kwamba wewe ulisaini. Wanataka kifungu kiondolewe chote. Wanaharakati wanataka kibaki kama kilivyo, ifutwe. Hakuna hata mmoja anayesema irudishwe. Hakuna aliyefikiria.

Njoo, Shangazi. Uwaambie.

Mwanao,
Chiriku

24 Machi

Mwanangu,

Siji.

Nikuambie kwa nini? Kwa miaka ishirini na tisa nimeongea na maelfu ya watu na hakuna aliyeniona uso. Hivyo ndivyo nilivyozoea. Leo nisimame mbele ya watu waliovaa suti, na leso shingoni, nikitoa upepo? Karani wao anisomee daftari huku wakinionea huruma? Huruma ninayo ya kutosha hapa mtaani.

Nitaandika ukurasa mmoja. Upeleke.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Ukurasa wako umefika, nimeukabidhi kwa katibu. Umepewa nambari mia tatu na kumi na mbili. Utawekwa kwenye faili, chini ya nyingine mia tatu na kumi na moja.

Sisemi zaidi. Nimejifunza kutokuamulia.

Chiriku

23 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Jana pale kwenye korido uliniuliza "imekuwaje, imekuwaje" mara kumi, na mimi nakuonyesha vidole tu, halafu saa ya treni yangu ikawa imefika. Sasa keti nikupe.

Nilisema siji. Lakini hiyo nambari mia tatu na kumi na mbili ilinikaa kooni, na koo lenyewe sina. Nikavaa lile gauni la kijani, nikafunga leso ya hariri, nikaja. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwandikia. Akanipigia kelele, "MAMA, NI GHOROFA YA TATU!"

Chumba kina meza ya duara na viti vya nyuma vya wasikilizaji. Mwenyekiti ni mama wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo, hana mzaha. Wewe ulikuwa umeshatolewa nje. Nilikaa kiti cha mwisho.

Meneja wa kampuni akaanza. Kweli ana maneno matamu, hata mimi nilikaribia kukubali. Alisema watu wanaogopa wasichokijua, na kwamba amekuja na kompyuta wajionee wenyewe. Akaifungua mezani, akaiunganisha na spika za ukumbi. "Waheshimiwa, andikeni chochote. Mtasikia sauti ya mashine tu. Haina mwenyewe. Hakuna mtu popote anayeweza kusema hii ni yake."

Mjumbe mmoja akaandika habari za hali ya hewa. Na spika zikasema. Chiriku, nilikuwa mimi! Si ile ya stesheni yenye mwangwi na kelele za magurudumu. Safi, karibu, kama mtu ameegemea bega lako.

Sijui miguu yangu iliamua nini bila kuniuliza. Nilijikuta nimesimama, mkono juu kama mwanafunzi. Mwenyekiti akasema, "Ndiyo, mama, unataka kujaribu?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Meneja akafurahi kabisa, akanivutia kiti. "Karibu, mama, andika tu hapa."

Unajua mimi nachapa kwa kidole kimoja. Ukumbi wote ukanisubiri, wengine wakaanza kutazama saa. Kisha nikabonyeza, na mimi nikasema:

"Waheshimiwa, habari za asubuhi. Sauti mnayoisikia ni yangu. Nilizaliwa nayo."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa mashine. Nikaendelea kuandika, na kicheko kikawa kinapungua.

"Sitanii. Nimetangaza treni kwa miaka ishirini na tisa. Mwaka jana niliondolewa zoloto kwa ajili ya saratani, sitasema tena kwa mdomo. Huyu bwana anasema sauti hii haina mwenyewe. Mwenyewe ameketi kwenye kiti alichonivutia."

Hapo nikafungua leso. Sikupanga kufungua. Nilifungua tu.

Meneja alikuwa amebaki na mkono hewani. Mwenyekiti akavaa miwani. Akaniuliza pole pole, bila kunipigia kelele, Mungu ambariki, "Mama, ulisaini mkataba?"

"Nilisaini matangazo. Sikusaini kuwa yatima wa sauti yangu."

"Basi unataka tuifute, kama kifungu kinavyosema?"

"Kifungu hicho kimeandikwa na mtu mwenye moyo mzuri. Lakini mkiifuta, mtaniondolea zoloto mara ya pili. Naomba kabla ya kuifuta, kuiuza au kuitumia, mwenyewe arudishiwe. Mimi, na atakayenifuata."

Meneja akajaribu kusema kwamba kifaa kile ni cha maonyesho na muda umekwisha, akanyoosha mkono aifunge kompyuta. Mwenyekiti akasema, "Bwana, mkono wako uache hapohapo. Mama hajamaliza kuongea."

Hajamaliza kuongea. Unajua ni miezi mingapi tangu mtu aseme hivyo juu yangu?

Niliongea dakika arobaini, kwa kidole kimoja. Waliniuliza maswali, nikawajibu. Mjumbe mmoja alinikatiza nami nikamkatiza.

Watakachoamua sijui. Lakini jana nilikuwa mtu anayeongea chumbani na watu wanamsikiliza, na nimelala usingizi wa mtoto.

Shangazi yako

30 Mei

Shangazi!

Wamepitisha! Wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa hospitalini na naye ametuma salamu. Nimekuandikia kifungu kwa mkono ili ukibandike ukutani:

*Kifungu cha 9. Sauti ya mtu ni ya mtu. Aliyetengeneza sauti ya kuigiza kutoka kwa mtu atamrudishia mwenyewe nakala kamili, akiihitaji, kabla ya kuitumia tena, kuiuza au kuifuta. Na mwenyewe ndiye atakayeamua lipi lifuate. Anayesikiliza sauti hiyo ataambiwa kwamba ni mashine.*

Sentensi yangu haikubaki pale, yamebaki maneno mawili matatu tu, na sijawahi kujivunia kifungu kama hiki. Mwenyekiti mwenyewe aliandika sentensi ya kwanza. Mwanasheria wetu mkuu alisema si ya kisheria, ni fupi mno. Akajibiwa, "Ndiyo maana itaeleweka."

Kampuni wamepewa siku thelathini. Meneja alikuja ofisini jana, safari hii bila maneno mengi. Akaniuliza kama mimi ni ndugu yako. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mwambie sisi tulikuwa tunasikia sauti tu. Hatukuwahi kujiuliza kama kuna mtu bado." Sijui kama ni kuomba radhi. Nakufikishia kama alivyosema.

Faili litaletwa hospitali kwa mkono, kwa yule mtaalamu wako. Nimeomba ruhusa nije siku hiyo. Usinikatalie.

Chiriku wako

19 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Tangu ulipoondoka hapa najua unasubiri nikuandikie, ingawa tunaongea kwenye simu kila siku mpaka baba yako analalamika kwamba laini haishiki. Lakini mengine ni ya karatasi.

Kwanza stesheni. Nimewaruhusu waendelee na sauti yangu, kwa masharti. Kila asubuhi mashine inajitambulisha kwamba ni mashine. Na marufuku kuniombesha radhi ya treni kuchelewa bila kutaja sababu. Mkuu wa stesheni aliguna, lakini alisaini, na safari hii nilimsomesha kurasa zote.

Pili, kifaa changu, ambacho sasa kinasema kwa sauti yangu, kina kasoro moja, na uliiona. Kwa kuwa nilirekodiwa nikisoma tu, kinajua kusoma tu. Mwanzoni mwa mwezi wa saba baba yako alinichokoza, nikataka kumtukana kisawasawa. Nikaandika maneno makali ambayo siyarudii hapa. Kifaa kikayasema kwa utulivu na heshima, kama treni ya saa nne inaondoka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ugomvi ukaishia hapo, lakini mimi nilibaki nikifikiri.

Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wangu. Nikamwambia, wanaokuja baada yangu tusiwarekodi wakisoma habari za kunguru. Hospitali wakatupa stoo moja ya mwisho wa wodi, tukatoa magodoro mabovu, tukabandika sponji. Sasa kila anayepangiwa operesheni kama yangu anapitia kwangu kwanza. Ndiyo, kwangu! Nina kitambulisho chenye kamba. Nawaambia: cheka. Gomba. Bembeleza. Mwite mtu aliye mbali. Mzee mmoja aliimba. Mama mmoja alitaka tutoke nje, akarekodi peke yake kwa saa nzima, na hatukumuuliza.

Wiki nne zilizopita alikuja mwalimu mkuu mstaafu. Mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, alikuwa akiogopa lakini hataki ionekane. Alikuja na orodha aliyoiandika nyumbani: asante, tafadhali, samahani, ninaomba maji. Nikaisoma, nikampa kifaa changu kimwambie: "Mwalimu, hivi miaka yote hiyo uliongoza shule kwa tafadhali?" Akanitazama. Kisha akaweka orodha chini, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Mwanangu, sponji yote ile haikusaidia. Manesi walitoka wodini kuangalia kuna nini.

Wakamfanyia operesheni. Jana ilikuwa siku ya kwanza kupewa kifaa chake. Nilikuwepo. Mume wake alikuwa amesimama katikati ya wodi akibishana na nesi juu ya saa za kutembelea wagonjwa, wageni wa vitanda vya jirani nao wameingilia, kila mtu anasema lake, na daktari kaingia kwa raundi yake hasikiki. Mwalimu akanyoosha kidole, akaandika neno moja, akabonyeza.

"KAENI!"

Mume akakaa. Wageni wakakaa, mmoja kwenye kapu lake la matunda. Nesi akakaa ukingoni mwa kitanda. Na daktari, bingwa mzima na koti lake jeupe, nilimwona kwa macho yangu haya akigeuka huku na huku akitafuta kiti.

Shangazi yako